Nguo ya Kupigia Picha

Mimi sipendi harusi. Nilisema hivyo tangu siku ya kwanza, na Angélique alinisikia vizuri, kisha akanitazamisha harusi za Wakongo wa London moja baada ya nyingine, za watu nisiowajua, nyingine za wanandoa ambao wenyewe hawasalimiani tena. Nilizitazama zote mpaka mwisho. Nasimulia kwa sababu kila mtu anauliza ile picha ya Mama Nsimire ilipatikanaje, na kila anayejibu anaongeza chumvi yake.

Angélique nafanya naye kazi. Tunalea wazee katika nyumba moja, na sote tumepanga Queensbury, mitaa ya jirani. Yeye ni wa Bukavu, mimi ni wa Machame, na Kiswahili chetu kilichukua muda kuzoeana: kwao 'mu' ni 'katika', 'njo' ni 'ndiyo', 'haiko' ni 'si', na 'juu ya' ni 'kwa sababu ya'. Mimi humwambia anaongea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Yeye huniambia naongea kama redio. Ni mwanamke mfupi, mkimya, na ukimwona anavyombadilishia mzee shuka bila kumwamsha utadhani hana neno na mtu. Usidanganyike. Akishaamua jambo lake, hata umfunge kamba umvute na trekta, habanduki.

Na jambo aliloamua mwaka jana lilikuwa hili: jiwe la kaburi la mama yake haliwekwi sura ya Croydon.

Mama yake aliitwa Nsimire. Alifika nchi hii akikimbia vita, Angélique akiwa msichana wa shule na mdogo wake, Gires, akiwa bado mgongoni. Walipelekwa Croydon, kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji, wakapangwa foleni, mama akapigwa picha ya kadi ya mkimbizi. Kadi hiyo nimeishika mkononi. Ni mwanamke aliyekaza midomo, macho yamemtoka, shingo imezama mabegani, kama anayesubiri kipigo. Alikuwa hajalala vizuri tangu aondoke kwao, na hakujua kama atapokewa au atarudishwa. Aliishi hapa miaka michache tu, akafa kwa maradhi ya moyo Gires akiwa shule ya msingi. Kaburini wakachomeka msalaba wa mbao, na mvua za huku zimeula ule msalaba mpaka jina halisomeki.

Sasa ukoo ulikuwa umekubaliana. Mwezi wa Agosti watu watakuja kutoka Brussels na Lyon, jiwe liwekwe, maombi yafanyike, watu wale. Jiwe lilikuwa na nafasi ya picha, duara la kaure la ukubwa wa kisahani. Fundi wa mawe akasema picha aipate kabla mwezi wa sita haujaisha. Na picha ya Mama Nsimire duniani ilikuwa hiyo moja.

"Haiwezekani," nilimwambia Angélique. Tulikuwa chumba cha mapumziko tunakula. "Mtu aishi London, miaka ile ya kamera kila kona, asipigwe picha?"

"Mama alikuwa anakataa, dada. Alikuwa anapika mu harusi zote za watu wetu. Bamama wanapika nyuma, kamera inapita mbele. Kamera ikikuya mu jiko, mama anafunika sura na sahani. Anasema, 'Siwezi pigwa picha niko na jasho. Ngojeni nivae.' Alikuwa na nguo yake mu mfuko, kila harusi anaibeba. Nguo ya kupigia picha. Akimaliza kupika, ananawa, anavaa. Akitokea mu ukumbi, keki wameshakata, mwenye kamera ameshaenda kwake."

"Kila harusi?"

"Kila harusi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilimwona mama wa watu anatoka jikoni amependeza, ukumbini vimebaki viti na maputo. Kisha nikaona mwenzangu hacheki, nikarudi kwenye wali wangu.

Gires ni kijana mzuri, nisieleweke vibaya. Anafanya kazi za kompyuta, anakaa Ilford, Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza. Alichofanya alikifanya kwa nia njema, na mimi nilitamani kumzaba kibao. Alichukua ile picha ya Croydon, akaitia kwenye programu ya simu, programu ikamfanya marehemu atabasamu. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mashangazi wa Brussels wakaijibu kwa mioyo myekundu.

Angélique alinionyesha tukiwa kwenye basi. Mama amefungua kinywa, meno meupe, yamepangana kama ya mtangazaji wa televisheni. Macho yalikuwa yaleyale ya woga.

"Mama alikuwa na mwanya," alisema. "Hapa, mkubwa. Alikuwa anapigia mluzi. Sasa haya meno ni ya nani, dada? Wamemuwekea meno ya nani?"

Akampigia Gires palepale, akaweka spika, abiria wote wakapata habari.

"Futa ile kitu."

Gires akajibu Kiingereza chake, kwamba kila mtu ameipenda.

"Gires, minasema futa."

"Yaya," alimwita, yaani dada mkubwa, na sauti ikashuka. Akasema hamkumbuki mama. Akasema akifumba macho anayoiona ni ile kadi tu, hana sura nyingine, na alitaka aione inacheka hata mara moja. Hamu ya kumzaba kibao ikaniisha.

Angélique aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Njo maana haitakuwa ile," alimwambia polepole. "Uko unasikia? Juu yako njo maana. Nipe mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Nisipopata, weka unayotaka, miye sitasema kitu."

Gires alikubali. Na kwa kuwa mimi nina gari na Angélique hana, nikawa nimepata kazi ya pili bila kuiomba.

Mimi ni mtu wa njia za mkato, kwa hiyo kwanza nilimpeleka kwa Mzee Alkesh. Ana duka la picha karibu na stesheni ya Queensbury: picha za pasipoti, fremu, kadi za mialiko. Alizaliwa Kisumu akaondoka kijana, na mteja akishajulikana kwamba ametoka upande wetu, Kiingereza hakitumiki tena dukani humo. Aliitazama ile kadi kwa kioo chake cha kukuzia, akaguna.

"Hii si picha ya mtu, mama. Hii ni picha ya serikali."

Akatutolea albamu kutuonyesha kazi zake. Walikuwa marehemu watupu. Watu humletea mzee amevaa fulana, amekaa na bakuli la karanga, na yeye humvalisha koti kwa kompyuta. Nikaona koti la bluu na tai nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, koti lilelile, vichwa mbalimbali. Masingasinga walivaa lile koti, Wagujarati walivaa, na Mkikuyu mmoja alilivaa pia. Sikushangaa. Studio za Moshi zilifanya hivyohivyo kwa mkasi na gundi. Babu yangu yuko ukutani nyumbani kwetu ana mabega ya mtu mwingine kabisa, na tumemzoea.

"Hata Bukavu wanafanya," alisema Angélique. "Lakini nguo haiko shida, papa. Shida ni sura. Koti haliwezi toa woga."

Mzee Alkesh akafunga albamu. Sikutegemea angekubali upesi hivyo.

"Kweli. Uso mimi siwezi kushona. Wewe leta uso, hiyo ingine yote nitafanya."

Tukaenda Croydon kwa Papa Gervais. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga video za harusi za Wakongo wakati ule. Sasa ni mstaafu, magoti yamekataa. Njiani tulipita karibu na lile jengo la uhamiaji. Angélique alitazama mbele tu, mikono kwenye magoti, mpaka likabaki nyuma. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, labda vioo vyake.

Papa Gervais alitupokea kwa soda na kelele. "Nsimire! Alinipiga na mwiko hapa!" Akatuonyesha kiwiko. Lakini alipoulizwa kanda ziko wapi, kelele zikapungua. Kanda zilikuwa aghali, alisema. Akishamaliza kuikatakata harusi na kuwapa wenyewe DVD yao, kanda ileile aliipigia harusi nyingine. Ndoa juu ya ndoa. Kwake kulikuwa hakuna kitu, DVD zilibaki kwa wenye ndoa. Nilinyanyuka niondoke. Angélique hakunyanyuka. Alimwambia, "Papa, nitajie majina," akaanza kuyaandika kwenye simu.

Hivyo ndivyo Jumapili zangu za Aprili na Mei zilivyoliwa. Na harusi za Kikongo si za kuchezea. Bibi harusi anaingia ukumbini kwa hatua za kucheza, na kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti mtu unaweza kuchemsha maharage yakaiva. Huruhusiwi kusogeza mbele. Ukishika rimoti kusogeza umemtukana mwenye nyumba, kwa maana hiyo ni siku yake kubwa na wewe ndiye uliyekuja kuiomba. Unakaa, unaletewa chakula, unaambiwa huyu shemeji, huyu alikuwa mwembamba, huyu marehemu. Huko Tottenham mwanamke mmoja aliyekwishaachana na mumewe alituwekea DVD akaondoka sebuleni. "Mukimaliza kumuona ule mwanaume, mutaniita," akasema, na tukasikia anaosha vyombo kwa hasira muda wote wa harusi yake.

Mavuno yalikuwa haya. Mkono unaoweka sinia mezani. Kisogo na fundo la aproni. Sahani, na juu ya sahani kitambaa cha kichwa. Kila kimoja Angélique alikisimamisha akakipiga picha kwa simu yake, na kila mara nilisikia pumzi zake.

Ila hatukutoka mikono mitupu, lazima niseme. Ukiwakalisha watu mbele ya harusi ya zamani wanafunguka, na Angélique alikuwa akiwarekodi. Mama Laurette wa Ilford, aliyekuwa akipika na marehemu, ndiye aliyemwaga mengi. Alisema Nsimire hakuonja chumvi, aliinusa. Alisema sombe lake, yaani kisamvu, lilikuwa lilelile kwa tajiri na kwa mkimbizi wa juzi. Halafu akasema jambo ambalo hata Angélique alikuwa halijui.

"Akishavaa ile nguo yake, hakuna picha, hakuna watu, hakuwa anaivua. Anapanda nayo basi mpaka kwake. Anakaa wima! Namna hii! Miye namcheka, yeye ananiambia, 'Laurette, siku moja nitafika mbele ya keki. Mutaniona.'"

Mbele ya keki, maana yake kabla haijakatwa. Mama Laurette alicheka peke yake mpaka akapangusa macho.

Juni ikaingia, majina kwenye simu yakaisha. Mimi ni mtu wa kusema ninachofikiri, na nikasema. "Angélique, huyu mama hakutaka kupatikana. Mwache. Weka jina tu kwenye jiwe, jina linatosha."

Hakuniongelesha zamu nzima, tukageuza wazee na kuogesha wazee kama mabubu. Jioni, kwenye kuvua sare, ndipo aliposema.

"Kesho narudi kwa Papa Gervais. Nitaenda na treni."

"Kufanya nini?"

"Kuna kitu sikumuuliza. Zile DVD zote zinaanzia mu kanisa ao mu ukumbi. Zote zinaanza safi, mtu amekwishakuwa tayari. Lakini kamera mtu haiwashi pale. Anaijaribu kwanza. Nataka kujua aliiwashia wapi."

Nilimtazama. Harusi zote zile mimi nilikuwa natazama magauni, yeye alikuwa akitazama namna zinavyoanza. Kesho yake nikachukua funguo za gari.

Papa Gervais aliposikia swali alikuna kidevu.

"Mu jiko," alisema. "Kila mara mu jiko. Kwanza juu ya kula. Halafu juu ya weupe."

"Weupe gani?"

"Zile kamera, mbele ya kazi, lazima uionyeshe kitu cheupe, ijue nyeupe ni gani. Usipofanya vile bibi harusi anatoka wa kijani. Mu ukumbi kila kitu kimepakwa marangi, lakini mu jiko kuna aproni za bamama. Ya mama yako ilipita zote. Alikuwa anaichemsha. Nilikuwa namwambia, shika aproni, mama, ninyooshee. Hiyo hakuwa anakataa. Nilimwambia, 'Hii haiko picha, minapima weupe tu.'"

Angélique alikuwa amesimama. "Hakufunika sura?"

"Kufunika juu ya nini? Haiko picha."

"Na iko wapi, papa?"

"Nilikuwa nakata. Nani anataka aproni mu harusi yake?" Kisha mzee akaona anavyotazamwa, akapapasa kiwiko chake.

Angélique akavuta kiti akakaa mbele yake, goti kwa goti. "Ile ambayo hukukata. Fikiri, papa. Harusi moja tu ambayo hukukata."

Alifikiri. Mkewe alileta chai, ikapoa, bado anafikiri. Ghafla akajipiga paja. Ilikuwapo harusi moja ambayo bwana na bibi walikosana kabla hajaimaliza kazi. Alimpigia mume, mume akasema muulize mke. Alimpigia mke, mke akasema itupe kwenye Mto Thames. Hakuna aliyekuja kuichukua na yeye hakuigusa. "Iko vilevile nilivyoitoa mu kamera," alisema, na sasa hata yeye sauti ilikuwa imebadilika.

Tulipekua gereji yake mpaka nikachana soksi. Kanda ilikuwa ndani ya bati la biskuti pamoja na skrubu. Kamera ya zamani ilikuwapo pia, betri imekufa, lakini ukiichomeka ukutani inawaka. Papa Gervais alitumbukiza kanda, akakifungua kile kioo kidogo cha pembeni, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Ngoja," alisema Angélique, na kumpigia mdogo wake. "Gires, kuya Croydon. Sasa hivi. Hapana, sikwambii."

Kutoka Ilford mpaka Croydon ni treni na treni. Tulikaa tukaitazama ile kamera iliyofungwa kama watu wanaosubiri sufuria lichemke. Nilimwambia Angélique mimi nina shinikizo la damu. Akaniambia nivute pumzi. Alikuwa hataki kuiona peke yake na hakuiona, mpaka kijana alipoingia na kijasho chembamba na begi la kazini bado mgongoni.

Kwanza ilikuja sakafu. Kiatu cha mtu. Mvuke. Halafu kioo chote kikawa cheupe, na pembeni mwa weupe ule mikono miwili imeishika aproni kwa pindo, imeinyoosha.

"Umeona weupe?" ilisema sauti ya mwanamke.

"Bado, mama. Shika vizuri." Huyo alikuwa Gervais wa enzi zile.

"Usinipige picha, Gervais. Niko na jasho."

"Sikupigi, mama. Minapima tu."

Kisha kamera ikapanda. Sijui aliinua kwa kusudi au mkono ulichoka, mwenyewe hakumbuki. Ikapita shingo, ikafika. Kitambaa cha kichwa kimekaa upande, paji la uso linang'aa jasho, na mama anacheka, kinywa chote, mwanya mkubwa katikati. Macho hayakuwa na habari na Croydon.

"Umepima, sasa toka," alisema. "Miye nitavaa. Ukirudi utanipiga sawasawa." Akageuza uso pembeni na kupaza sauti. "Gires! Toa mkono mu samaki! Huyu mtoto!" Akacheka tena. Sakafu ikarudi, kiatu, kisha ukumbi na maputo.

Gires alikuwa amepiga magoti karibu na kile kioo, pua inakaribia kukigusa.

"Rudisha," alisema. Kwa Kiswahili.

Papa Gervais akarudisha. *Gires! Toa mkono mu samaki!* Kijana akasema tena, "Rudisha," na tena, na kila mara mama alimwita jina. Angélique alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani kwake, hakulia. Aliyelia ni mimi, nisiyeweza kuvumilia watu wanaolia, na Mama Nsimire hata simjui.

Unadhani yaliishia hapo. Gari limekaribia nyumbani, Gires yuko kiti cha nyuma na simu iliyonakili video, mara Angélique anasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hii picha siwezi kuiweka."

Nilitaka kumshusha barabarani. Nilimwambia hivyo. Nilimkumbusha Tottenham, nikamkumbusha kila ukumbi na kila bibi harusi aliyetembea kama kinyonga, na soksi zangu.

"Dada, maisha yake yote alikataa kupigwa na jasho. Alifunika sura na sahani. Sasa amekufa, hana sahani, miye nimuweke na jasho mu jiwe, watu wapite wamuone mpaka Yesu arudi? Alisema, 'Miye nitavaa.' Hamkusikia? Alisema nitavaa."

Nikarudisha macho barabarani. Ndipo akaniuliza: "Duka la Mzee Alkesh linafungwa saa ngapi?"

Tulipitia nyumbani kwa Angélique kwanza. Alitoka na mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri, wa duka ambalo siku hizi halipo tena. Ndani mlikuwa na nguo ya kupigia picha: kitenge cha njano chenye mbayuwayu wa bluu, blauzi ya mikono mipana, na kitambaa cha kichwa cha aina hiyohiyo. Aliiweka juu ya kaunta ya Mzee Alkesh.

"Uso nimeleta," alimwambia. "Koti lako silitaki. Nguo yake iko hapa."

Mzee Alkesh aliitazama video mara moja, akavua miwani akaipangusa, kisha akawa fundi. Akasema nguo bila mtu haina mabega. Lazima avae mtu, umbo liwe karibu. Angélique alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, Gires alisema neno la Kiingereza ambalo halisemwi kanisani. Nguo ilimkaa utadhani ilishonwa jana kwa kipimo chake.

Akakalishwa kwenye kile kistuli cha pasipoti. Mzee Alkesh akatazama kamera yake, akatikisa kichwa. "Unakaa kama mtu wa pasipoti, mama. Mabega imekufa. Mama yako hakukaa hivi."

"Sijui alikaaje," alisema Angélique, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilimwona ameishiwa.

Gires ndiye aliyejua. Yule aliyesema hakumbuki. Akaenda akamshika dada yake mikono yote miwili, akaivuta mbele, akamwonyesha. "Hivi, Yaya. Alishika hivi. Kama aproni." Kiswahili kilikuwa kinamtoka kwa tabu, lakini kilitoka. Angélique akashika hewa kwa pindo, akainyoosha, na mabega yakanyanyuka na shingo ikatoka. Taa ikawaka.

"Jasho nifute?" Mzee Alkesh aliuliza baadaye kwenye kompyuta, kichwa cha mama kikiwa kimekwishakaa juu ya mabega ya binti.

"Futa jasho. Mwanya usiguse."

Picha ilimfikia fundi wa mawe Juni ikiwa bado haijaisha.

Agosti walikuja, mashangazi na mioyo yao, vitenge, watoto, masufuria nyuma ya magari. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu kupita kiasi. Gires akavuta shuka jeupe lililofunika jiwe, na mashangazi, waliojua kwamba duniani kuna picha moja tu, wakashika vinywa. Kuna aliyeuliza alipigwa lini, harusi ya nani. Angélique alikuwa kando yangu, mikono kifuani, hakumjibu mtu.

Mama Laurette alisogezwa mbele na fimbo yake. Aliinama mpaka nikahofia ataanguka. Alitazama mbayuwayu wa bluu, akautazama mwanya, akagusa kile kisahani cha kaure kwa kidole kimoja.

"Eh, Nsimire," alisema. "Leo umefika mbele ya keki."